Kilimohai kabla ya Jina Lake: Msamiati wa Konde na Soko katika Amu

Mwaka 2007 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilipitisha kiwango kimoja cha mazao yanayokuzwa bila ya mbolea za viwandani wala dawa za kemikali. Kiwango hicho kilizinduliwa Dar es Salaam, na alama yake ya biashara ikapewa jina la Kiswahili: Kilimohai. Ni nadra kwa istilahi ya biashara ya kimataifa kuzaliwa moja kwa moja katika lugha yetu, na kwa hivyo mwanafunzi wa Kiswahili ana haki ya kulitazama neno hili kwa makini kabla ya kulipokea.

Kimuundo neno hili halina utata. Kilimo ni nomino itokanayo na kitenzi -lima. Hai ni kivumishi chenye asili ya Kiarabu ambacho hakichukui kiambishi cha upatanisho, ndiyo maana tunasema mtu hai, samaki hai na miti hai bila ya badiliko lolote. Wapo waandikao kilimo hai, wengine kilimo-hai, na alama yenyewe huandikwa kwa neno moja. Swali lenye uzito zaidi ni la kisemantiki: ni kitu gani kilicho hai katika kilimo hicho? Wataalamu wa kilimo hujibu kwamba ni udongo. Ardhi yenye minyoo, vijidudu na majani yanayooza huilisha mimea bila ya kuhitaji chumvichumvi za kiwandani. Jawabu hilo linaridhisha, lakini linaacha nyuma swali la pili ambalo ndilo kiini cha makala haya. Je, waliokuwa wakilima hivyo karne nyingi kabla ya 2007 walikuwa na msamiati gani? Na msamiati huo uko wapi leo?

Tumechagua Amu kwa sababu mbili. Kwanza, Kiamu ni lahaja iliyobeba sehemu kubwa ya ushairi wa kale wa Kiswahili, na mwanafunzi yeyote aliyesoma tendi amekwisha kukutana nayo. Pili, katika visiwa vile bado mtu anaweza kula mlo ambao karibu kila kilichomo ndani yake kimetoka umbali wa safari fupi ya mashua.

Konde, shamba na mahame

Mgeni aufikiapo mji wa Amu huona nyumba za mawe, misikiti na vichochoro vinavyopitwa na punda. Ni rahisi kudhani kwamba mji wa namna ile uliishi kwa biashara ya bahari peke yake. Historia inasema vinginevyo. Nyuma ya mji, kisiwani kwenyewe, kuna mashamba ya minazi na miembe. Na ng'ambo ya mkono wa bahari, katika bara lililoelekea visiwa, watu wa Amu, Pate, Siyu na Faza walikuwa na makonde ya mtama, mahindi, simsim na pamba. Marguerite Ylvisaker, katika kitabu chake cha 1979 kuhusu Lamu ya karne ya kumi na tisa, ameonyesha jinsi visiwa na bara lake vilivyotegemeana: kisiwa kilitoa usalama na bandari, bara likatoa chakula.

Lugha imehifadhi mgawanyo huo. Shamba, kwa mzee wa pwani, kwanza ni mahali penye miti ya kudumu: minazi, miembe, mindimu. Konde ni ardhi iliyofyekwa na kulimwa mazao ya msimu. Ngwe ni kipande alichokatiwa mtu mmoja ili akilime. Mazao yakianza kukomaa hujengwa dungu, yaani jukwaa la miti, na mtu hupanda juu yake kuamia, kwa maana ya kuwalinda ndege wasile nafaka, mkononi akiwa na kombeo. Mbegu zilizodondoka msimu uliopita na kuota zenyewe huitwa maotea. Nafaka ikivunwa hupurwa, ikapepetwa kwa ungo au uteo, ikatwangwa kinuni, na kinachobaki baada ya kutwanga na kupepeta ni wishwa. Kijana wa leo anayesomea Kiswahili chuoni anaweza kufafanua mofimu, silabi na fonimu bila ya kusita. Tumjaribu kwa dungu na kuamia tuone.

Mkulima wa konde alihitaji kalenda, na hapa ustadi wa Waswahili haupewi heshima inayostahili. Kalenda ya Kiislamu hufuata mwezi, na kwa hivyo hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka wa jua. Haiwezi kumwambia mtu lini apande. Ndipo ikatumika kalenda ya pili, ya jua, iliyoanza na Nairuzi au Siku ya Mwaka. Siku 365 ziligawanywa katika mafungu ya siku kumi kumi yaitwayo miongo, thelathini na sita kwa idadi, zikabaki siku tano za mwisho. Mkulima na nahodha walihesabu kwa miongo hiyo: mwongo fulani fyeka, mwongo fulani tia mbegu, mwongo fulani usitweke tanga. Kwa kuwa mwaka huu hauna siku ya nyongeza, huteleza siku moja katika kila miaka minne, mtelezo mdogo ambao mtu mmoja katika umri wake hausumbuki nao sana. Huko Amu Siku ya Mwaka iliambatana na desturi ya kuzungusha ng'ombe mjini kabla ya kumchinja. Wenye kuyasoma hayo kama mila tu wanapoteza upande wa pili, kwamba ilikuwa ni siku ya kwanza ya hesabu ya shamba.

Hata hivyo hatuna budi kujihadhari. Fasihi ya leo kuhusu chakula asilia hupenda kumchora mkulima wa zamani kama mtu huru aliyeishi kwa amani na ardhi yake. Katika bara la Lamu ya karne ya kumi na tisa sehemu kubwa ya jembe ilishikwa na watumwa. Frederick Cooper alieleza kwa kina, mwaka 1977, jinsi kilimo cha pwani kilivyosimama juu ya migongo yao. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilipofutwa katika pwani ya Kenya mwaka 1907, mashamba mengi ya wenyewe wakubwa yalififia. Basi neno ngwe halikuwa tamu kwa kila aliyelitamka: kwa mmoja lilikuwa kipande chake cha riziki, na kwa mwingine lilikuwa kazi aliyokatiwa na bwana wake. Mtafiti wa msamiati akilikusanya neno bila ya kuikusanya historia hii, atakuwa amekusanya nusu.

Baada ya 1907 walioendelea kulima bara hilo kwa ukubwa walikuwa ni familia ndogo ndogo, hasa Wabajuni, waliovuka kwa mashua msimu wa kulima na kurudi visiwani kwao. Vita vya Shifta vya 1963 hadi 1967 viliwang'oa. Vijiji vya bara vilihamwa, na vingi havikurudiwa. Kiswahili kina neno la mahali palipoachwa baada ya kukaliwa au kulimwa: mahame. Katika miaka ya 1970 serikali ilianzisha mradi wa makazi wa Ziwa Kenyatta, Mpeketoni, na familia kutoka bara ya Kenya zikapewa ardhi. Wenye kupewa walilima kwa bidii na leo mazao yao hulisha kaunti. Wenye mahame nao hawajasahau. Mgogoro huu wa ardhi umewahi kugharimu roho za watu, na hatuwezi kuusuluhisha katika kurasa za jarida la lugha. Tunachoweza kusema ni kwamba msamiati wa konde ulipoteza wasemaji wake kwa sababu walipoteza konde, wala si kwa uvivu wao.

Mnazi

Tofauti na nafaka, mnazi haukuhama. Na kwa kuwa haukuhama, maneno yake yamebaki.

Ahmed Sheikh Nabhany, mzaliwa wa Matondoni katika kisiwa cha Amu, aliyeishi kutoka 1927 hadi 2017, aliutungia mti huu kazi nzima ya kishairi, Umbuji wa Mnazi, iliyochapishwa mwaka 1985. Wanafunzi wengi wanamjua Nabhany kama mtunzi wa istilahi, hasa kwa neno runinga. Ni wachache watambuao kwamba njia yake ya kuunda istilahi na mapenzi yake kwa mnazi vilitoka katika chemchemi moja. Rai yake ilikuwa kwamba kabla ya kukopa neno kutoka ng'ambo, tuchimbe kwanza lahaja zetu. Runinga lilichimbwa hivyo, kutoka kwa rununu na maninga. Na mchimbaji hana shimo bora kuliko kazi za mikono za wazee: ujenzi wa vyombo, uvuvi, ususi, na mnazi.

Tazama tunda peke yake. Likiwa dogo mno ni kidaka. Likikua kidogo kabla ya maji yake kupata utamu ni kitale. Likijaa maji matamu na nyama laini ni dafu. Likipita hapo, nyama ikaanza kukakamaa, ni koroma. Likikomaa ni nazi. Likikauka ndani ya kifuu chake ni mbata. Lililoharibika kwa kuwa na nyama ya sponji badala ya nazi ya kawaida ni joya. Majina haya si pambo. Kila moja ni uamuzi wa kiuchumi. Mwenye mnazi aangushaye madafu leo anajua kwamba hatakuwa na nazi za kukuna baadaye, na agemaye tembo katika kole hatapata dafu wala nazi kutoka kole hilo. Ukimnyang'anya mkulima majina haya ukambakishia neno moja la jumla, umemnyang'anya na njia ya kufikiri.

Jikoni msamiati unaendelea. Nazi hukunwa kwa mbuzi, hukamuliwa kwa kifumbu, tui la kwanza lililo zito likaitwa kasimele na kuwekwa kando, tui jepesi likatangulia chunguni. Wali hupikwa kwa tui jepesi, kasimele hutiwa mwisho. Kifuu hugeuzwa upawa, makumbi huwashwa moto au husokotwa kamba, makuti huezeka paa, na chicha hutupiwa kuku. Hakuna kinachokwenda jaa. Wataalamu wa kilimohai wanapofundisha kwamba shamba lijilishe lenyewe kwa masalia yake, mzee wa Matondoni anaweza kusikiliza kwa adabu na kungojea wafikie jambo jipya.

Sokoni

Soko la Amu liko kando ya ngome, karibu na uwanja wa Mkunguni. Ngome hiyo ilijengwa mapema katika karne ya kumi na tisa, ikawa gereza hadi miaka ya 1980, na sasa ni jumba la makumbusho. Mji wote uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Watalii hupiga picha milango ya nakshi. Sisi tunapendekeza kwamba mwanafunzi wa lugha aende sokoni asubuhi, akae kimya, asikilize.

Kitu cha kwanza atakachosikia ni sauti za Kiamu. Mchele ni mtele, mchuzi ni mtuzi, chumvi ni munyu, njaa ni ndaa. Vitabu vyetu vya isimu huorodhesha mageuzi ya ch na t au nj na nd kama kanuni kavu. Sokoni kanuni hizo zina harufu ya samaki na mbilimbi. Kitu cha pili ni vipimo. Zamani nafaka ilipimwa kwa kibaba. Vibaba viwili ni kisaga, vinne ni pishi. Mizani ya kilo imeondoa vipimo hivyo katika nafaka, lakini mboga na matunda bado vinauzwa kwa fungu, na ndizi kwa mkungu au chane. Fungu halina uzito maalumu. Muuzaji hulipanga, mnunuzi hulitazama, na mara nyingi huongezwa kimoja juu baada ya bei kukubaliwa. Wachumi wanaweza kuliona jambo hili kuwa ni udhaifu. Kwa maoni yetu ndilo linalomlazimu muuzaji na mnunuzi kujuana, kwa sababu fungu baya la leo litakumbukwa kesho.

Huko kujuana ndiko hasa kunakotafutwa na wale wanaosifu masoko ya wakulima katika Ulaya na Marekani. Kule mlaji wa mjini alitenganishwa na mkulima kwa maduka makubwa, ndipo zikafunguliwa siku maalumu za kuwakutanisha tena. Amu hapajahitaji siku maalumu. Mwenye ndimu kutoka shamba la nyuma ya mji huuza ndimu zake mwenyewe, au humpa jirani amuuzie, na mnunuzi anajua ni mti upi.

Lakini tusijidanganye kwamba kila kilichomo sokoni ni cha hapo. Mchele mwingi uliwao pwani ya Kenya hutoka ng'ambo, hasa Pakistan. Walimu wa Kiswahili hupenda kutoa mpunga, mchele na wali kama mfano wa utajiri wa lugha yetu, maneno matatu kwa kitu ambacho lugha nyingine hukiita kwa neno moja. Mtoto wa mjini Amu anaujua wali, anaujua mchele kwa kuwa uko gunia zima dukani. Mpunga anaweza kuumaliza utoto wake bila ya kuugusa. Sukumawiki, kabeji na viazi navyo vina nafasi yao, na majina yao yamekuja pamoja navyo. Hilo si la kulalamikia. Soko la bandari daima limekuwa mahali pa maneno ya wageni. Simsim lenyewe ni neno la Kiarabu lililokaa kando ya ufuta, na zao hilo lilipokuwa likishindikwa mjini kwa shinikizo lililozungushwa na ngamia hakuna aliyeuliza neno lipi ni la asili.

Mkate wa wishwa

Wasomaji wa Utendi wa Fumo Liyongo watakumbuka hila iliyomwokoa shujaa gerezani. Walinzi walikuwa wakimpokonya chakula kizuri anachopelekewa na kumwachia kibaya. Basi akamtumia mamaye ujumbe aoke mkate wa wishwa na kuificha tupa ndani yake. Walinzi walipouona ni wa makapi waliudharau, ukamfikia, akakata minyororo.

Hila hiyo inafanya kazi kwa sababu hadhira yake ilijua daraja za vyakula: mkate mweupe ni wa mtu mwenye cheo, wa wishwa ni wa mtumwa na mfungwa. Leo daraja hizo zimepinduka. Katika miji mikubwa mkate wenye wishwa ndio wa bei ya juu, na madaktari huusifu. Huenda walinzi wa Liyongo wa karne hii wangeula wao, tupa na yote. Kule Amu mkate wa mofa, uliookwa kwa unga wa mtama katika tanuri la udongo, ulikuwa chakula cha kawaida kabla ya ngano kuutawala mlo wa asubuhi. Mahamri ni matamu, hatuna ugomvi nayo, lakini unga wake hautoki katika konde lolote la jirani, ilhali mtama unastahimili ukame wa bara lile. Mofa likipotea, halipotei jina la mkate tu. Linakwenda na sababu ya kupanda mtama.

Istilahi na wenyewe

Turudi kwenye alama ya Kilimohai. Ipo dhana kwamba mkulima mdogo ambaye hajawahi kuwa na fedha za kununua dawa tayari ni mkulima wa kilimohai. Sivyo. Kiwango kinadai mambo ya kutenda: kurutubisha udongo kwa makusudi, kubadilisha mazao, kuweka kumbukumbu, na kukubali kukaguliwa. Kwa wakulima wasiomudu gharama ya mkaguzi wa nje upo utaratibu wa vikundi ambamo wakulima na walaji hukaguana wenyewe. Mtandao wa Kilimohai wa Kenya, ulioanzishwa 2005 na kujulikana kwa kifupi KOAN, umekuwa ukieneza mafunzo ya namna hiyo.

Hapo ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapohitajika. Fomu na miongozo ya kilimo hufikiriwa kwanza kwa Kiingereza, kisha hutafsiriwa kwa Kiswahili kinachomweleza mkulima shamba lake kama kwamba ni geni kwake. Mfasiri huandika mabaki ya mimea palipo na makapi, wishwa, kumbi na chicha. Huandika mimea iliyojiotea palipo na maotea. Huandika kufukuza ndege waharibifu palipo na kuamia. Mkulima husoma, huelewa nusu, na hujiona mjinga mbele ya karatasi, ilhali karatasi ndiyo iliyokosa neno.

Tena lipo suala la mbegu. Familia za wakulima huweka mbegu za msimu hadi msimu na kupeana na majirani. Sheria ya mbegu ya Kenya ilikuwa imeibana mno desturi hiyo kwa mbegu zisizosajiliwa, hadi mwishoni mwa 2025 Mahakama Kuu ilipobatilisha vifungu vilivyolalamikiwa na wakulima wadogo. Kila mbegu ya kienyeji ina jina lake la mahali, na jina halimo katika daftari lolote. Kamusi ya Charles Sacleux, iliyotoka kuanzia 1939, ilizingatia lahaja, ikabainisha maneno mengi ya Kiamu. Tangu hapo hatuna kazi ya ukubwa ule iliyojikita katika kilimo cha visiwa hivi. Wakati huohuo ardhi inapungua. Gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilifunguliwa Mei 2021 upande wa Kililana, mahali palipokuwa na mashamba.

Tunapendekeza kwamba chama chetu kiteue kikundi cha wanafunzi wachache, wenye wasemaji wa Kiamu na Kibajuni miongoni mwao, kikakae Matondoni, Kipungani na Hindi katika msimu wa kupanda na tena katika msimu wa kuvuna. Kisibebe orodha ya Kiingereza ya kutafsiriwa. Kibebe jembe, kiulize jina la kila kitendo mkono unapokitenda, na kimrekodi mwenye kujibu kwa ridhaa yake na kwa jina analotaka kutajwa nalo. Wazee waliowahi kuamia juu ya dungu katika bara la kabla ya 1963 sasa wana zaidi ya miaka sabini, na wengi wao hawako tena karibu na konde. Wako Mombasa na Malindi kwa wana wao. Huko nako kikundi kiende.

Limebaki neno moja ambalo hatukulipatia jawabu. Masoko ya siku maalumu yanayowakutanisha walaji na wakulima wa kilimohai yamekuwa yakiitwa kwa tafsiri ya neno kwa neno, soko la wakulima. Kiswahili kina gulio na chete, yote mawili yakiwa na maana ya soko la siku maalumu, lakini hatujayasikia yakitumiwa Amu, ambako watu husema tu wanakwenda sokoni.